UTI iko kwenye kibofu, mbona bibi kachanganyikiwa? Protini za mchochota na ubongo wa mzee

Muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye wodi ya wazee anaijua hali hii. Bibi wa miaka sabini na ushei analetwa Mwanza kutoka Sengerema. Gari limepita daraja la Kigongo–Busisi, yeye kakaa kiti cha nyuma katikati ya wajukuu wawili wanaomshikilia. Hana homa. Hakohoi. Ila tangu juzi anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, usiku halali, na anashikilia kwamba kuna ng'ombe wameingia sebuleni. Ndugu wameshagawanyika: mmoja anasema uzee huo, mwingine anamtaja jirani. Daktari anaagiza mkojo upimwe. Majibu yanarudi: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Bibi anawekewa dripu na antibayotiki, na baada ya siku chache anawatambua watu wake na kuulizia kuku.

Vijidudu vilikuwa kwenye kibofu. Kichwani havikufika. Nani basi aliyepeleka habari huko juu, na kwa nini kijana mwenye UTI hiyohiyo analalamika tu kwamba mkojo unamchoma?

Waliopeleka habari ni protini. Mwili ukishambuliwa au ukiumia huzimwaga ili kuwasha mchochota, yaani ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu unayoyaona kwenye kidole kilichochomwa na mwiba wa sato. Protini hizohizo, zikimwagika kidogo kidogo kwa miaka badala ya siku tatu, ndizo zinazochunguzwa leo katika Alzheimer, Parkinson na magonjwa mengine yanayoumaliza ubongo taratibu. Kinachowavuruga wengi ni kwamba zinalinda na zinaua, na mara nyingi ni protini ileile inayofanya yote mawili. Asiyelikubali hilo tangu mwanzo hataelewa kwa nini dawa za kuzizima zimekuwa zikigonga mwamba.

Homa ya malaria ni kazi ya nani?

Anayeishi kando ya Ziwa hahitaji maabara kuzijua protini hizi, ameshaugua malaria. Kutetemeka kwa baridi saa nane mchana jua likiwaka, viungo kuuma, kuchukia hata harufu ya samaki, kutaka chumba chenye giza na watu wasikusemeshe: sehemu kubwa ya hayo haifanywi na kimelea chenyewe. Kimelea kinapasua chembe nyekundu za damu, seli za kinga zinakutana na mabaki yake, nazo zinamwaga kwenye damu protini ndogo za kupashana habari ziitwazo saitokini. Zinazotajwa zaidi ni tatu: TNF, interlukini-1 na interlukini-6. Ndizo zinazouambia ubongo upandishe joto. Ndizo zinazoliambia ini litengeneze CRP, ile protini inayopimwa maabara kuona kama kuna mchochota mwilini. Na ndizo zinazokulaza kitandani, nguvu zako zitumike kupona badala ya kwenda mwaloni.

Ubongo una ukuta wake. Mishipa yake ya damu imejengwa kwa seli zilizobanana kiasi kwamba vitu vingi vinavyopita kwa urahisi kwenye ini au figo haviwezi kuingia humo. Hata hivyo habari zinapenya. Yapo maeneo machache ya ubongo ambako ukuta ni mwembamba kwa makusudi, ili ubongo uweze kuionja damu. Ipo neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, ambayo husikia mchochota wa viungo vya ndani na kuupeleka juu kama ishara ya umeme bila protini yoyote kusafiri. Tena seli za kuta za mishipa yenyewe zikiguswa na saitokini upande wa damu, hutoa ujumbe wao upande wa ubongo. Kwa hiyo kibofu kikiwaka, kichwa kinajua.

Kichwa cha kijana kinapokea habari hizo, kinamlaza siku mbili, kinasahau. Cha mzee kinazipokea vingine, na sababu iko kwa wanaozipokea.

Sungusungu wa kichwani

Ndani ya ubongo kuna seli za kinga ziitwazo mikroglia. Zinakadiriwa kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya seli zote za ubongo. Mwaka 1919 Mhispania Pío del Río-Hortega alizitofautisha na seli nyingine za kichwani na kuzipa jina. Asili yake si ubongo: hutokea nje yake wakati mimba ingali changa sana, zikahamia kichwani kabla ule ukuta haujakamilika, zikabaki humo. Kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa zimelala hadi zishtuliwe. Mwaka 2005 watafiti walipochungulia kwa hadubini ubongo wa panya aliye hai waliona kitu tofauti: vijimkono vyake havitulii hata dakika, vinapapasa huku na huku, vinakagua eneo lote.

Watu wa Usukuma wana mfano ulio tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji viliunda sungusungu: wanaume wa kijiji chenyewe, pinde na mishale, doria ya usiku, na yowe likipigwa wote wanatoka. Wezi walikimbia. Lakini wanaokumbuka vizuri watakusimulia na upande wa pili, wa mtuhumiwa aliyepigwa kabla hajaulizwa lolote. Mikroglia ndivyo zilivyo. Zikiona kidudu, seli iliyokufa au protini iliyoharibika, zinaizingira, zinaimeza, na zinapiga yowe lao, ambalo ni TNF na interlukini-1. Nyingine zinasikia na kuja. Kazi ikiisha zinatakiwa kutawanyika. Ubongo ukizeeka, au ukiwa tayari umeanza kuugua, hazitawanyiki vizuri. Zinabaki macho, silaha mkononi, na siku ile habari ndogo tu inapotoka kwenye kibofu, zinaitikia kana kwamba kijiji kizima kimevamiwa.

Hapo ndipo bibi anapochanganyikiwa. Madaktari huiita deliriamu: akili inavurugika ndani ya saa au siku, inapanda na kushuka, asubuhi afadhali, usiku balaa. Ikitibiwa mapema wengi hupata nafuu. Si wote wanaorudi palepale walipokuwa. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Clive Holmes, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi sita wagonjwa wa Alzheimer wapatao 300. Waliopata maambukizi au jeraha la ghafla mwilini walizorota kumbukumbu kwa kasi kama maradufu ya wenzao. Wale walioanza tayari wakiwa na TNF nyingi kwenye damu walizorota kwa kasi ya mara nne hivi. Walichopima ni damu iliyotoka mkononi, na ilieleza habari za kichwa.

Daktari Alzheimer aliona, akapita

Novemba 1901, mjini Frankfurt, Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kumwonea mumewe wivu usio na sababu. Alipofariki mwaka 1906 Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kueleza vitu viwili ambavyo hadi leo ndivyo alama za ugonjwa: vibonge nje ya seli, ambavyo sasa tunajua ni protini iitwayo amiloidi-beta, na mafundo ndani ya seli, ambayo ni protini iitwayo tau. Aliandika pia kwamba seli zisizo za neva, zile zinazozizunguka neva, zilikuwa zimebadilika. Jambo hilo la tatu likawekwa kando kwa karibu miaka themanini. Iliaminika kuwa mikroglia zilizojaa kando ya vibonge ni wafagiaji tu waliofika baada ya msiba.

Katika miaka ya 1980 Patrick McGeer na wenzake wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba mikroglia kwenye bongo za waliokufa na Alzheimer na Parkinson zilikuwa zimewaka, zimejaa alama za vita. Bado ungeweza kubisha: je, moto ndio uliounguza nyumba, au ni majivu tu yanayofuka? Kilichobadilisha mjadala ni jeni. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti, moja likitumia takwimu za watu wa Iceland, yalitangaza kwamba mabadiliko adimu kwenye jeni iitwayo TREM2 yanamwongezea mtu hatari ya Alzheimer karibu mara tatu. TREM2 inatengeneza protini inayokaa juu ya mikroglia na kuzisaidia kuitambua amiloidi na kuizingira. Mtu huzaliwa na jeni yake. Haiwezi kuwa matokeo ya ugonjwa wa uzeeni. Basi mikroglia zimo ndani ya chanzo chenyewe.

Lakini angalia zimo kwa upande gani. Waliobeba TREM2 dhaifu hawana walinzi wakali kupita kiasi. Wana walinzi wazembe. Hapa ndipo makala nyingi za afya mitandaoni zinapoteleza, kwa kuufanya mchochota kuwa adui mmoja mwenye sura moja. Mwanzoni mwa ugonjwa, miaka kumi au ishirini kabla mzee hajasahau lolote, mikroglia zinazokula amiloidi na kuizungushia uzio zinamsaidia. Baadaye zilezile zinaanza kumla.

Namna ubongo unavyoliwa

Kumla huko kunafanyikaje? Kuna njia mbili ambazo zimechunguzwa kwa undani, na zote mbili ninaona zinastahili kuelezwa pole pole, maana ndizo roho ya suala lote.

Ya kwanza inahusu protini za komplimenti. Kwenye damu zinajulikana tangu zamani sana. Kazi yake ni kujibandika kwenye bakteria ili seli walaji zimtambue wa kuliwa. Mwaka 2007 Beth Stevens na Ben Barres, Marekani, waligundua kuwa ubongo unaokua unazitumia kwa kazi nyingine kabisa. Mtoto mchanga ana sinapsi nyingi kuliko anazohitaji. Sinapsi ni mahali seli moja ya neva inapoikabidhi nyingine ujumbe. Zisizotumika zinawekwa alama na komplimenti, ya kwanza ikiwa ile iitwayo C1q, kisha mikroglia zinapita na kuzila. Bila upogoaji huo ubongo usingejipanga. Ukubwani kazi hiyo hupungua sana.

Mwaka 2016 kundi la Stevens lilionyesha kwamba, kwa panya waliotengenezwa kuugua kwa mfano wa Alzheimer, C1q inarudi kazini. Inabandika alama zake kwenye sinapsi nzima, zinazofanya kazi, hata kabla vibonge vya amiloidi havijaonekana, na mikroglia zinazila kama zilivyofundishwa utotoni. Watafiti walipoizuia komplimenti, sinapsi nyingi zaidi zilibaki. Uzito wa jambo hili uko hapa: kinachoendana zaidi na kupotea kwa kumbukumbu za mgonjwa ni kupungua kwa sinapsi zake, kuliko wingi wa vibonge kichwani. Wapo wazee wanaokufa wakiwa na akili timamu, na bongo zao zikipasuliwa zinakutwa zimejaa amiloidi. Mojawapo ya tofauti zinazoonekana kwenye bongo hizo ni kwamba mchochota wake ni mdogo.

Njia ya pili ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Ndani ya mikroglia kuna mtambo mdogo wa protini uitwao inflamasomu, na aina yake inayohusika hapa inaitwa NLRP3. Mikroglia ikimeza amiloidi na kushindwa kuimeng'enya, mtambo huo unajiunganisha, unakata interlukini-1 kutoka kwenye umbo lake la akiba na kuiachia nje. Mwaka 2013 Michael Heneka wa Ujerumani na wenzake waliripoti kuwa panya wa Alzheimer wasio na NLRP3 hawakupoteza kumbukumbu kama wenzao. Miaka minne baadaye kundi hilo likaongeza jambo baya zaidi: vipande vya mtambo huo, punje za protini iitwayo ASC, vinatupwa nje ya seli na kugeuka mbegu ambayo juu yake amiloidi mpya inajikusanya. Yaani amiloidi inawasha mchochota, mchochota unaotesha amiloidi.

Mwaka huohuo wa 2017 ikaonekana pia kwamba mikroglia zilizowaka zinaweza kuzigeuza astrosaiti, seli zinazozilisha na kuzitunza neva, zikaacha kutunza na kuanza kuziua. Ujumbe unaotumwa ni wa protini tatu kwa pamoja: interlukini-1 alfa, TNF na C1q. Zote tatu tumeshakutana nazo.

Parkinson kwa ufupi

Kwenye Parkinson protini inayojikunja vibaya ni nyingine, alfa-sinukleini, na mahali panapoathirika kwanza kwa uwazi ni eneo dogo jeusi chini ya ubongo linalotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, hatua zinafupika, uso unakosa tabasamu. Mengine yanafanana na tuliyoyaona.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha kwamba moto ukishawashwa hauhitaji tena mwashaji. Mwaka 1982, California, vijana waliojidunga heroini bandia iliyochanganyika na sumu iitwayo MPTP waliganda mwili kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi, ndani ya siku chache tu. Sumu hiyo haikai mwilini. Lakini watatu kati ya walioathirika walipofariki, kati ya miaka mitatu na kumi na sita baadaye, bongo zao zilikutwa bado na mikroglia zilizowaka zikizizunguka seli zinazokufa. J. William Langston na wenzake walichapisha hayo mwaka 1999.

Nchini kwetu ugonjwa huu upo kuliko unavyohesabiwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulipita kwenye idadi ya watu kama 161,000 na kukuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson.

Kwa nini tusiwape wote diklofenaki?

Swali hili ni la haki, na wanasayansi waliliuliza mapema. Wagonjwa wa baridi yabisi wanaokunywa dawa za kuzuia mchochota kwa miaka walionekana kupata Alzheimer kwa uchache. Ikaanzishwa Marekani majaribio makubwa, mwaka 2001, kwa wazee zaidi ya 2,500 wenye ndugu waliougua. Baadhi walipewa naproksini, wengine selekoksibu, zote za jamii ya diklofenaki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Desemba 2004 dawa zikasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na wazee hao walipofuatiliwa hakuna kinga iliyoonekana. Prednisoni, ndugu wa prednisoloni, iliyojaribiwa kwa waliokwisha kuugua, haikusaidia. Dawa za kisasa za kuifunga TNF, zinazofanya maajabu kwenye viungo, ni molekuli kubwa zisizopenya vizuri ule ukuta wa ubongo.

Ukiyaweka hayo pamoja na TREM2, haishangazi. Ukizima mchochota mapema unawanyang'anya walinzi kazi nzuri waliyokuwa wakiifanya. Ukiuzima kwa kuchelewa, sinapsi zimeshaliwa. Na dawa za kawaida haziwezi kuchagua protini ipi inyamaze na ipi iendelee.

Kuna kejeli hapa inayonifurahisha kidogo. Dawa ya Alzheimer iliyopata idhini kamili ya Marekani Julai 2023, lekanemabu, ni kingamwili inayojibandika kwenye amiloidi, na sehemu ya kazi yake ni kuziita mikroglia zije zile. Yaani baada ya miongo ya kujaribu kuzinyamazisha, dawa iliyofanikiwa kidogo ni ile inayoziamsha. Nasema kidogo kwa kuwa kwenye majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27, haikurudisha kilichopotea. Karibu mtu mmoja kati ya wanane alivimba ubongo kiasi cha kuonekana kwenye picha, wengi bila dalili, wachache kwa hatari. Inahitaji kipimo cha MRI mara kwa mara, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Kwa familia ya Nyakato au Igoma hiyo ni habari ya gazetini.

Kwa hiyo ukikuta stendi ya Buzuruga mtu ana spika na unga wa "kusafisha inflamesheni yote mwilini", ujue hata angekuwa mkweli, mchochota wote ukiondoka mwilini mwako hutamaliza mwezi bila kulazwa kwa maambukizi.

Ziwa lina yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wana dimensia, yaani upotevu wa akili unaosababishwa na Alzheimer na magonjwa mengine, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Hai, kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, utafiti wa 2013 ulikuta kama sita kwa kila mia. Kanda ya Ziwa ina mambo yake yanayowasha mchochota, na yanatofautiana na ya Ulaya.

Kuna moshi. Chembe ndogo za moshi wa kuni zikiingia mapafuni zinaamsha saitokini zilezile, na chembe za aina hiyo zimekutwa hata ndani ya bongo za watu wa miji yenye hewa chafu. Wanawake wanaobanika sangara na wale wanaopikia kuni au kinyesi cha ng'ombe kikavu kwenye nyumba isiyo na dirisha wanauvuta kwa miaka arobaini. Moshi huohuo unayafanya macho yao mekundu. Na huku Usukumani tunajua macho mekundu yamewafikisha wapi vikongwe: wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa mapanga, miaka na miaka. Mzee mwenye dimensia anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayejikuta kwenye ua wa jirani bila kujua alifikaje, anapita mlemle kwenye hatari hiyo. Sioni jambo lingine kwenye makala hii ambalo lina haraka zaidi ya hilo.

Kuna VVU. Virusi hivi huingia kwenye ubongo mapema, na seli zinazovipa makao huko ni mikroglia. ARV zinavizima kwenye damu hadi visisomeke, lakini kwa wengi kiasi fulani cha mchochota hubaki. Tanzania ilianza kuzigawa dawa hizo kwa mpango wa taifa mwaka 2004; walioanza wakiwa na miaka arobaini sasa wamevuka sitini. Wanaposema wanasahau, wasijibiwe kwa mzaha.

Na kuna mkanda wa jeshi. Ni virusi vya tetekuwanga vilivyojificha kwenye neva tangu utotoni, vikiamka uzeeni au kinga ikishuka. Wales ilipoanza chanjo yake Septemba 2013 iliweka mpaka wa tarehe: waliozaliwa kabla ya Septemba 2, 1933 hawakuruhusiwa kuipata, waliozaliwa kuanzia siku hiyo waliruhusiwa. Watu waliotofautiana kwa wiki chache za kuzaliwa tu, mengine yote sawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba waliochanjwa walipata dimensia kwa uchache wa karibu moja ya tano ndani ya miaka saba. Maelezo yanayotolewa ni mawili: virusi vikibaki vimelala haviwashi mchochota wa kwenye neva, au chanjo yenyewe inaifundisha kinga nidhamu.

Mengine ni yale ambayo kliniki za Bugando na Sekou Toure huyasema kila siku bila kutaja saitokini: presha, kisukari, sigara, pombe iliyozidi, masikio yaliyokufa bila msaada. Kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliyaorodhesha mambo 14 ya namna hiyo, hewa chafu ikiwemo, na kukadiria kwamba yakiondolewa yote karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa.

Ukimpeleka mzee hospitali

Kilicho muhimu kwa daktari kuliko kipimo chochote cha kwanza ni muda. Mwambie mzee alikuwaje mwezi uliopita na alikuwaje juzi. Aliyekuwa anahesabu pesa za dagaa wiki iliyopita na leo hajui yuko wapi, huyo ni wa dharura usiku huohuo: anatafutiwa UTI, nimonia, malaria, sukari, upungufu wa maji, nyonga iliyovunjika bila watu kujua. Aliyeanza kurudia swali moja miaka miwili iliyopita, akafuata kupotea njia, akafuata kusahau kupika, huyo anahitaji uchunguzi wa utulivu, ukianza na vinavyotibika: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, huzuni ya muda mrefu. Na kama ana dimensia tayari na ghafla amezidi, usikubali jibu la "ndivyo ugonjwa ulivyo" kabla mkojo haujapimwa na kifua hakijasikilizwa.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za miti shamba na zile za duka la mtaani alizonunuliwa bila cheti. Piritoni, ambayo nyumba nyingi huwapa wazee walale, inazuia kemikali ya ubongo inayohitajika kwa kumbukumbu, na kwa mtu wa miaka themanini kidonge kimoja kila usiku kinaweza kutosha kumfanya aone ng'ombe sebuleni bila UTI yoyote.